Takaful kwa walimu: kizuizi kiko kwenye hati ya mshahara

Mhariri,

Walimu Waislamu wa Garissa, Kwale au Mombasa wasipojiunga na takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kusaidiana, wauzaji hudai kwamba hawajaelimishwa kuhusu dini. Si kweli. Wengi wanajua kuwa bima ya kawaida ina riba na gharari (utata katika mkataba), na uamuzi wa Baraza la Fiqhi la Jeddah, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wa mwaka 1985 si siri: bima ya kibiashara haifai, ya kushirikiana inafaa. Tatizo kubwa zaidi ni makato ya mshahara, ambayo mchango wa takaful hupitia.

Sheria ya Ajira ya Kenya hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mwalimu, kinachoangaliwa ni theluthi ya mshahara wa msingi: mwenye Sh45,000 lazima abakiwe na Sh15,000. Ondoa kodi, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, pensheni ya asilimia 7.5 kwa walio katika mfuko mpya, kisha mkopo wa benki na wa Sacco. Nafasi ya takaful imeshakwisha. Fomu hutiwa saini wakati wa chai ya saa nne, wakala huondoka nayo, makato hayapiti, na mwalimu hulala akidhani ana bima. Siku ya msiba ndipo familia huambiwa hakuna mchango hata mmoja uliopokelewa.

Dawa yake ni rahisi: mwezi wa kwanza tafuta jina la kampuni kwenye hati ya mshahara. Lisipokuwepo, lipa kwa simu mwezi huohuo na udai risiti yenye nambari ya mkataba. Fanya vivyo hivyo ukisimamishwa kazi kwa nusu mshahara.

Jambo la pili ni ahadi za mawakala kuhusu ziada, yaani kinachobaki mfukoni baada ya fidia kulipwa. Tuseme unachanga Sh1,000 na mkataba unaipa kampuni ujira wa asilimia 30 kwa kuusimamia mfuko. Sh300 ni za kampuni. Sh700 huingia mfuko wa washiriki kama tabarru (mchango wa hiari wa kusaidiana), na humo ndimo fidia hulipwa. Mfuko ukipungukiwa, wanahisa huukopesha bila riba, na deni hilo hulipwa kabla ya ziada yoyote kugawanywa. Mikataba mingi pia humnyima mgao aliyelipwa fidia mwaka huo. Wakala anayesema "mwisho wa mwaka unarudishiwa" anadanganya.

Takaful ya familia ina akaunti ya akiba kando ya tabarru, na hapo ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Anayejitoa mapema hupata pungufu ya alichochanga, kwa kuwa tabarru hairudi na ujira umeshakatwa. Asipoelezwa mapema, huona ameibiwa, na majilisi nzima husikia kabla ya kengele ya mchana. Hakuna tangazo la redio litakalofuta hilo.

Kwa hiyo kampuni zimpe kila mwalimu karatasi moja yenye kiwango cha ujira, kanuni ya ziada na thamani ya kujitoa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Fomu pia iseme wazi kama aliyeandikwa kupokea fidia ni mmiliki wa fedha hizo au ni mwangalizi tu wa kuzigawa kwa warithi. Jambo hilo lisiposemwa, mjane na mashemeji watakutana kwa kadhi.

Washauri wa bima,
Mombasa