Wajina, usimpe fundi mashine kabla hujasoma hii

Kirumba, Mwanza
8 Februari 2026

Wajina wangu mpendwa,

Dagaa wamefika. Kijana wa melini alinipigia simu jioni ileile, nikashuka bandarini nikamkuta ameukalia mfuko asije akaibiwa. Wamekauka vizuri, hawana hata chembe ya mchanga, na jirani zangu wawili wameshaonja. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie goti limepona.

Sasa nije kwenye lile la kompyuta, maana tangu tuongee juzi sijatulia. Umesema ukiiwasha unaweza kusonga ugali ukaiva kabla haijakaa sawa, faili la matokeo ya wanafunzi linaganda ukilifungua, na fundi wa hapo Nansio ameshakwambia ni ya kupiga window upya, yaani kufuta Windows iliyomo na kuiweka upya, la sivyo ununue nyingine. Unataka kumpelekea Jumatatu ijayo. Wajina, nakuomba usimpelekee kwanza. Nimeandika kwa mkono badala ya kutuma kwenye simu ili karatasi hii uilaze kando ya kibodi, ufanye jambo moja, utie alama ya kalamu, uende kwenye la pili. Vifaa vya kuichunguza mashine yako vimo ndani yake, vilikuja na Windows yenyewe, na huhitaji kulipa hata shilingi kuvitumia.

Unajua kwa nini nakazana hivi. Mwaka ule mashine yangu ilipokuwa nzito nilimpa fundi mmoja, akapiga window bila kuniuliza kama nina kitu ndani. Picha za baba tulizopiga siku ile ya kivuko cha Kamanga, bado akisimama mwenyewe bila mkongojo, zilikuwa humo na hazikuwa kwingine kokote. Mashine ilirudi nyepesi. Baada ya miezi miwili uzito ukarudi palepale, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye diski na hakuna aliyeitazama. Nimepoteza picha za baba kwa tiba ambayo haikuwa ya ugonjwa ule, na mpaka leo nikipita kule Kamanga moyo unanikaza.

Kwa hiyo ndani ya bahasha nimekuwekea flashi mpya ya GB 32. Kabla hujagusa kitu, nakili humo matokeo, mitihani, na picha zote. Flashi hiyo isiende shuleni wala kwenye steshenari za kuchapisha, maana huko ndiko zinakookota vile virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato.

Ukimaliza kunakili, iwashe mashine uiache dakika kumi bila kuigusa. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Likija dogo, bofya maandishi ya chini yatakayolipanua. Kifaa hiki alikiandika Dave Plummer alipokuwa Microsoft, na kimo kwenye Windows tangu NT 4.0 ya mwaka 1996, ila watu wengi hukijua kama mahali pa kuulia programu iliyoganda tu. Mimi nakitumia kama kipimajoto. Utaona safu zenye asilimia juu yake: prosesa, kumbukumbu, diski, mtandao. Bofya kichwa cha safu ya diski, na programu inayoila zaidi itapanda juu. Halafu fanya hivyohivyo kwa kumbukumbu.

Usibadilishe chochote bado, tazama tu. Diski ikiwa imegota 100 wakati prosesa iko 10, mashine yako haikosi nguvu, inasubiri diski imletee vitu. Kumbukumbu ikiwa imepita 85 na kivinjari ndicho kipo juu, basi ni zile kurasa ishirini unazoziacha wazi. Nakufahamu, na mashine yenye RAM, yaani kumbukumbu hiyohiyo, ya GB 4 haiziwezi.

Kwenye dirisha hilohilo nenda palipoandikwa Performance. Hapo kuna mambo matatu ambayo nataka uyaandike. La kwanza, bofya diski uone kama imeandikwa HDD, yaani diski ya kuzunguka, au SSD, ile isiyozunguka na yenye kasi zaidi. La pili, bofya CPU, ndiyo prosesa, usome kasi yake ya kawaida na kasi iliyopo sasa. Mashine ikiwa na kazi nyingi na bado kasi ya sasa imeshuka mbali sana chini ya ile ya kawaida, mara nyingi ni joto, prosesa inajipunguza isiungue. Nakumbuka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwenu kama moshi na kufuata kila taa. Skrini nayo ni taa, na feni inawavuta ndani. Igeuze mashine juu chini ikiwa imezimwa, uangalie matundu ya upepo. Mwaka jana kwenye mashine ya mdogo wangu pale Igombe tulitoa ukoga mzima wa wadudu hao, na joto likaisha siku hiyohiyo.

La tatu ni muda ambao mashine imekuwa macho, pameandikwa Up time. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani pameharibika: mashine ninayoizima kila usiku ilidai iko macho siku kumi na tisa. Kumbe tangu Windows 8, ukiizima kwa njia ya kawaida haizimiki yote. Kiini chake kinaandikwa kwenye diski kama kilivyo ili kesho iwake upesi, na mikwamo ya jana inaamka nacho asubuhi. Ukichagua Restart ndipo inapoanza upya kabisa. Kwa hiyo kabla ya yote yanayofuata, ianzishe upya kwa Restart, uiache dakika kumi tena, upime tena. Huenda nusu ya uzito ikaondoka hapo.

Kisha nenda palipoandikwa Startup. Hiyo ni orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe kila unapowasha. Zote hugombania diski ileile kwa wakati mmoja wewe ukingoja. Zuia ya mikutano ya video, ya printa uliyoiuza, na ile ya kupakua nyimbo. Kuzizuia hapo si kuzifuta. Ukizitaka utazifungua mwenyewe. Usiguse ya Windows Security wala ya kigusio cha laptopu.

Utakuta huko, naapa, kuna programu inayojiita ya kuongeza kasi. Mimi pia niliwahi kuiweka moja ya namna hiyo. Ilinionyesha makosa mia kadhaa kwa rangi nyekundu, ikataka nilipie ndiyo iyaondoe, na yenyewe ilikuwa ya tatu kwa kula kumbukumbu. Iondoe. Na ile ya kuzuia virusi ya majaribio iliyoisha muda, ambayo kila siku inakuombea hela, nayo iondoe, uanzishe upya, halafu fungua Windows Security uhakikishe ulinzi wa Windows wenyewe umewaka. Humo kuna uchunguzi unaofanyika kabla Windows haijaamka, unaitwa Offline scan, unachukua kama robo saa. Kwa mashine iliyopokea flashi za walimu wote wa shule, ufanye.

Nafasi kwenye diski ni jambo jepesi, ila lina mtego mmoja. Fungua Settings, System, halafu Storage, ukabofye Temporary files. Mashine itakuorodheshea takataka zake: mabaki ya masasisho, faili za muda, vijipicha. Hizo futa bila hofu. Lakini kwenye orodha hiyohiyo kuna Downloads, na wewe ndimo unamoweka mitihani yote unayotumiwa. Usiitie tiki. Soma kila mstari kabla hujabofya. Wapo walimu waliofuta mtihani wa kidato cha pili kwa kidole kimoja.

Iwapo ile diski uliyoiandika ni HDD, tafuta Optimize kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue kifaa cha kupanga diski. Diski ya kuzunguka inatunza faili vipandevipande popote penye nafasi, kama mchuuzi wa Mwaloni aliyemwekea mteja mmoja sangara kwenye mabeseni kumi tofauti. Mteja akija, mchuuzi anazunguka soko zima. Kifaa hiki kinavikusanya. Ikiwa ni SSD, Windows yenyewe itafanya kazi nyepesi inayoifaa, kwa hiyo usiwape watu waipange kwa programu zao, ni kuichosha bure.

Na hapa kuna jambo nililochelewa sana kulijua. Windows hujipangia matengenezo yake saa nane usiku. Mashine yako saa hizo imezimwa, kila siku. Kazi zinalimbikizwa, halafu zinatafuta upenyo wakati mashine imewaka na hakuna anayeigusa, yaani pale unapokwenda kuinjika chai, na ukirudi unaikuta inahema. Siku moja kwa wiki, ukimaliza kazi, iache imewaka na imechomekwa kwenye umeme saa moja au mbili bila kuigusa. Ipe nafasi ifue nguo zake.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwako ni umeme. Betri haishiki, kwa hiyo ukikatika mashine inakufa papo hapo huku ikiandika kwenye diski, na kila kifo cha namna hiyo kinaweza kuacha faili nusu nusu. Fungua lile dirisha jeusi la amri: andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia, uchague kulifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Kisha andika hivi, ukichunga nafasi:

chkdsk C: /f

Itakwambia haiwezi sasa kwa kuwa diski inatumika, na itauliza ifanye utakapoanzisha upya. Andika Y, bonyeza Enter, uanzishe upya. Kwa diski kubwa ya kuzunguka inaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo fanya usiku ulio mtulivu, usiku usio na radi. Tazama LUKU kwanza kama yuniti zinatosha. Katikati ya kazi hiyo isizimwe, hata ikionekana imesimama palepale. Kesho yake, kwenye dirisha lilelile jeusi, andika sfc /scannow. Hiyo inakagua faili za Windows zenyewe na kurudisha zilizoharibika. Ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi, usiende mbele. Nipigie, kwa sababu hatua inayofuata inakula bando na nataka tuifanye pamoja.

Hilo la bando nalo linasemeka haraka: ukiwa umeunganisha intaneti ya simu, fungua mipangilio ya mtandao huo uutie alama ya Metered, yaani mtandao wa kulipia kwa kipimo. Windows itajizuia kupakua vitu vizito kwa hela yako.

Kuhusu betri, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa na kukuonyesha ilikouhifadhi. Humo utaona ujazo betri iliozaliwa nao na ujazo inaoweza kushika leo. Niandikie namba hizo mbili, nitakuulizia betri mjini.

Mapambo ya skrini ukitaka kuyapunguza, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Performance, chagua kasi badala ya urembo, halafu rudisha tiki kwenye mstari wa kulainisha herufi. Bila huo mstari herufi zinakuwa na meno na macho yatakuuma ukisahihisha usiku. Faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyosema, ila kwa GB 4 kila kidogo ni chako.

Fundi wako yuko sahihi kwa jambo moja: Windows 10 Microsoft walisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako kwa umri wake haitakubaliwa na Windows 11, ambayo inadai kitu kinaitwa TPM 2.0, sehemu ya mashine ya kutunza siri za usalama, na prosesa za vizazi vya karibuni. Lakini kwenye ukurasa wa masasisho kuna mahali pa kujiandikisha upate masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Inataka akaunti ya Microsoft. Jiandikishe, tutapata muda wa kufikiri bila kukurupushwa na mtu.

Nyuma ya ukurasa huu nimechora jedwali: aina ya diski, asilimia ya diski baada ya dakika kumi, asilimia ya kumbukumbu, kasi ya prosesa, siku ilizokuwa macho, namba mbili za betri. Jaza kabla na jaza baada, umpe kijana wa melini karatasi arudi nayo. Ikiwa ni HDD na baada ya haya yote bado imegota 100, basi hakuna kifaa cha ndani kitakachoiponya, na hapo nitaamini kweli diski ibadilishwe. Ikiwa hivyo nitakwenda mwenyewe mjini kutafuta SSD, na Jumamosi nitapanda meli na bisibisi yangu. Nitalala kwenu siku mbili. Mama aniwekee furu wakavu, na wewe usiifungue mashine mpaka nifike.

Wajina wako