Risala ya Klabu ya Mali Hai kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Kondoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuwa nasi. Habari za madawati na mabweni Mkuu wa Shule atakueleza. Sisi tumeomba nafasi hii tuseme juu ya njaa ya simba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waya uliopo mezani pako ni wa klachi ya pikipiki. Tumeazimwa na askari wa wanyamapori aliyeutegua ukiwa mtego kwenye njia ya wanyama wanaokwenda majini. Ukiutazama kwa karibu utaona nyuzi zake zimekatika upande wa kitanzi, na manyoya ya swala bado yamenasa humo.

Watu wakisikia simba wanapungua hufikiria mikuki, risasi na sumu. Ni kweli, vyote hivyo vinaua. Lakini simba anaweza kutoweka bila kuguswa na mtu, iwapo tandala, pofu, pundamilia na nyati watakwisha kwa mitego kama huu. Watafiti wamekadiria kwamba kilo 10,000 za wanyama wawindwao walio hai porini hutosha kulisha kilo 90 hivi tu za mnyama mla nyama. Simba jike mmoja ana zaidi ya kilo 100. Kwa hiyo tani 10 nzima hazimtoshi hata yeye peke yake, sembuse na watoto wake. Wala hawezi kujikimu kwa sungura na digidigi, kwa sababu mwili mkubwa hutumia nguvu nyingi kuwinda, na windo dogo halizirudishi. Chakula kikipungua, watoto ndio hufa kwanza, maana wakubwa hula wakawaacha.

Anayenusurika huja zizini. Ng'ombe akishauawa, mzoga hutiwa sumu, nayo huua fisi, chui na tai waliofuata mzoga tu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hatumlaumu. Tunasema mkasa wake ulianzia kwenye waya huu.

Tunaishi jirani na Pori la Akiba Swagaswaga, na kaskazini yetu kuna Mkungunero linalopakana na Tarangire. Doria zipo na tunazishukuru. Ila swala hajui bikoni za mpaka. Akifuata malisho hutoka nje ya mpaka, na huko ndiko nyaya zinakomngoja.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, huenda likakushangaza: tunaomba chanjo ya kuku. Ugonjwa wa mdondo ukipita kijijini unafagia banda zima kwa siku chache, na nyumba iliyokosa kuku hutafuta kitoweo porini. Chanjo hiyo ikitufikia kila baada ya miezi mitatu, na vijana wawili wa kila kitongoji wakafundishwa kuitoa, tunaamini nyaya zitapungua kuliko kwa doria peke yake. Tunaomba pia wafugaji wa mpakani wasaidiwe wavu wa chuma wa kuimarishia mazizi ya miiba, na sisi tupatiwe usafiri wa kuingia Swagaswaga, maana wengi wetu tumezaliwa jirani na pori hilo na hatujawahi kuliona kwa ndani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.