Mwambie Mjomba kuigiza ni kazi

Shikamoo Mama,

Ujumbe wa sauti wa Mjomba nimeusikiliza mpaka mwisho. Pesa za mabati nimetuma asubuhi hii, zimeingia kwenye M-Pesa yako wala si yake, na sababu unaijua. Hilo limekwisha. Lililonikaa rohoni ni neno alilolisema mbele ya Shangazi wa mtaa wa Shabab na watoto wote, kwamba mimi hulipwa kulilia mtoto wa uongo ilhali arubaini ya Bibi sikuonekana.

Aliyemwambia nililia hajaiona hiyo filamu. Chozi halikunitoka hata moja.

Niliigiza mama anayepigiwa simu kuambiwa mwanawe amekufa. Mwelekezi alitaka nipige yowe, nianguke chini. Nikamweleza jinsi Bibi alivyopokea habari za Babu akiwa na uteo mapajani: aliendelea kuchambua mchele, ila mkono ulianza kwenda mbio, akawa anatupa mawe na mchele mzuri pamoja. Mwelekezi akaniambia, hebu nionyeshe. Mchele wa huku Atlanta hauna hata jiwe, ikabidi watu wa vifaa watafute vijiwe wachanganye. Tukarudia, tukarudia tena: kamera mbali, kamera nyuma ya bega, kamera imesogea mpaka kope zinahesabika. Na kila mara mkono lazima utupe jiwe kwenye neno lile lile, la sivyo vipande havitaungana. Hapo ndipo kazi ilipo, Mama. Habari ya msiba uipokee kana kwamba ndiyo kwanza inakufikia, na papo hapo mkono usisahau. Pale Nakuru Players tulifundishwa kutoa sauti ifike viti vya nyuma. Huku kipaza sauti kimefichwa ndani ya nguo, ukipaza umeharibu. Niliyasema maneno yangu kwa pumzi tu, na tulipomaliza mafundi wa taa walikuwa wanapangusa macho.

Yule ni Bibi. Sikumuuza. Watu wasioujua mtaa wa Bondeni wamemwona, na najivunia hilo kuliko malipo niliyopata.

Kuhusu arubaini, Bibi alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, hakuna ndege ambayo ingenifikisha. Baada ya hapo ni mambo ya makaratasi, mnayajua. Nilimsomea Yasini, nikapika pilau, nikawagawia majirani. Pilau haikutoka kama yako.

Halafu Mjomba aache kunitajia Lupita kila nikipiga simu. Alipochukua Oscar mwaka 2014 si mlinisikia nikipiga vigelegele? Lakini kabla ya hapo alisomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu 2012. Alijifunza kazi. Na mwaka 2023 waigizaji wa Marekani walipogoma siku 118, kuanzia Julai 14, Mjomba alisema nimeficha pesa. Hakukuwa na kazi! Tuligomea malipo, na tulikataa pia sura zetu kunakiliwa kwa kompyuta bila ridhaa yetu. Ningerudi kugoma hata kesho. Mtu akiweza kuuchukua uso wangu bure, basi na mkono wa Bibi ameuchukua.

Mama, hapa napaandika nikiwa na njaa ya mahamri yako na mbaazi. Sauti ya adhana ya kule nyumbani naikosa zaidi jioni.

Sasa la nyumba. Tangu Nakuru ipandishwe kuwa jiji mwaka 2021, Mjomba hana wimbo mwingine ila wanunuzi. Nyumba ya Bibi haiuzwi. Mabati ni ya kuezeka upande wa jikoni unaovuja, na fundi alipwe na wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mjomba akiwa na neno, anipigie mimi, saa tatu usiku ya kwenu, nitakuwa nimetoka mazoezini. Filamu nitamtumia kitinda mimba kwenye simu yake, awaonyeshe nyote, Mjomba akiwepo.

Mwanao