Kaka, kuhusu lile beseni

Kaka yangu,

Wifi ameniambia kwamba siku hizi usiku unatoa miguu nje ya shuka. Unasema inawaka. Kukicha unasema huna neno, unavaa viatu na kutoka. Ningekuambia haya kwa simu, lakini tangu tumzike Baba simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unaniachia zile tiki mbili za bluu. Basi nakuandikia hapa, kweupe. Watu wakisoma, wasome.

Baba naye alianza na usiku. Alisema ni siafu, unakumbuka? Wanapanda kutoka vidoleni, wanafika kwenye kifundo, wanarudi. Wewe ulimwambia ni uzee. Mimi nilimwambia amekalia mguu vibaya umekufa ganzi, akajaribu hata kubadilisha kiti, maskini. Miaka miwili ya siafu, na sote tulijua ana kisukari.

Toka yale yatokee nimesoma habari za mishipa ya fahamu kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote. Cheka ukitaka, wewe ndiye uliyekuwa ukinifanyia hesabu. Lakini nisikilize.

Neva, yaani mshipa wa fahamu, ya mguuni ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, na kila uzi ni mkono wa seli moja iliyo hai. Seli inayohisi kidole gumba cha mguu haikai mguuni. Mwili wake uko kiunoni, ubavuni mwa uti wa mgongo. Hapo inatoa tawi moja linaloshuka hadi kidoleni na jingine linalopanda ndani ya uti wa mgongo hadi chini ya ubongo. Kwa mtu mrefu kama Baba, na kama wewe, seli hiyo moja inapita mita moja na nusu. Kwa unene huioni bila hadubini, lakini kwa urefu inakaribia kukufikia wewe mwenyewe.

Watu husema neva ni waya za umeme. Si hivyo hasa. Ni mambo ya chumvi. Nje ya seli kumejaa sodiamu, ndani kumejaa potasiamu, na ukutani kuna pampu ambayo usiku na mchana inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Kwa mpangilio huo ndani hubaki na chaji hasi, kama milivolti 70 chini ya nje. Pampu hiyo aliigundua Mdenmaki, Jens Christian Skou, akaiandika mwaka 1957, na Tuzo ya Nobel akapewa 1997. Miaka 40! Na wewe unalalamika kwamba mimi nimechelewa kuja kuzungumza.

Ukiguswa, vilango vya sodiamu vinafunguka mahali pamoja, sodiamu inamiminika ndani, chaji inageuka kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mgeuko huo unafungua vilango vya jirani, navyo vya jirani yake, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo. Wanasayansi wawili Waingereza, Hodgkin na Huxley, walilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1952, baada ya kupima uzi wa neva ya ngisi, ambao ni mnene kiasi cha kupenyezwa kifaa ndani. Na hapa pana jambo lililonikalia kichwani: ishara yenyewe haikui. Ama inatoka nzima, ama haitoki. Maumivu yakiwa makali, kinachoongezeka ni wingi wa ishara kwa sekunde na wingi wa seli zinazozituma. Hakuna seli inayoweza kupaza sauti kuliko wenzake, hata mguu ukiwa motoni.

Moto una mlango wake maalumu. Kwenye ncha za neva za ngozi kuna protini inayofunguka joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi. David Julius na wenzake waliipata mwaka 1997 wakiwa wanachunguza kemikali ya pilipili, maana pilipili nayo hufungua mlango huohuo, ndiyo sababu tunasema inawasha. Mlango ukifunguka, habari inaondoka kwa njia mbili. Nyuzi zilizovikwa mayelini, ule utando wa mafuta, zinaipeleka kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zisizovikwa zinaipeleka kwa mita moja hivi tu. Ndiyo maana ukijikwaa unapata kwanza mchomo, halafu unashika ukuta ukisubiri maumivu yenyewe yafike. Na kabla ubongo haujajua lolote, uti wa mgongo umekwishaamuru mguu ukunjwe.

Sasa beseni.

Nilichemsha maji kwa sababu alilalamika miguu ni baridi. Nilichanganya na ya baridi, nikamwekea, akatumbukiza miguu yote miwili. Hakushtuka wala hakukunja mguu. Alisema, "Maji mazuri, mwanangu." Akaegemea kiti. Nikaenda kuanua nguo. Niliporudi ngozi ilikuwa imebadilika rangi, na jioni malengelenge yalikuwa yamejaa mguu wa kulia hadi kisiginoni. Mpaka leo nikisikia mtu anamimina maji kwenye beseni la plastiki natoka nje.

Ulifika baada ya siku mbili. Hukunisalimu. Ulimfunua miguu ukaitazama, halafu ukasema mbele ya shangazi na watoto wote: "Umemchemsha Baba." Baba mwenyewe akasema haumwi, hebu mwacheni dada yenu. Ukarudia. Walipomkata vidole viwili ukarudia tena, kwenye korido, kwa mama mmoja tusiyemjua.

Ninachotaka uelewe ni hiki. Chakula na vifaa vyote vya ile ncha ya kidoleni hutengenezwa kule kiunoni, kwenye mwili wa seli, na kusafirishwa ndani ya uzi. Mzigo wa haraka kabisa unakwenda kama milimita 400 kwa siku. Yaani hadi ufike kidoleni siku mbili tatu zimepita. Sasa sukari ikizidi kwenye damu mwaka baada ya mwaka, inaharibu seli yenyewe na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Nyuzi ndefu ndizo zinazoanza kushindwa. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda kama soksi, na baadaye sana ndipo inashika mikono. Baba hakuwa amevaa viatu vikubwa kwa uzembe, kama ulivyosema. Alikuwa hajui viatu viko mguuni.

Maji yale yalipopita nyuzi 43, hapakuwa na mlango mzima wa kufunguka. Hakuna ishara iliyotoka. Kama uti wa mgongo wake mwenyewe haukuambiwa, mimi ningeambiwa na nani? Nilikuwa jikoni, uani, dukani, chumbani kwake, peke yangu, miaka minne. Wewe ulikuwa mbali ukituma salamu. Daktari aliyemwona kabla ya hapo hakumvua hata viatu. Kwa nini niwe mimi?

Nimeyaandika hayo, nikayafuta, nikayarudisha.

Kuna hadithi moja ya Nobel ya 1906. Walipewa wawili pamoja, Golgi wa Italia na Cajal wa Hispania. Golgi aliamini neva zote ni wavu mmoja ulioungana. Cajal aliona kila seli inasimama peke yake, na aliiona kwa njia ya kutia rangi aliyoivumbua Golgi mwenyewe. Golgi akatumia hotuba yake ya tuzo kulipinga wazo la mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi, kati ya seli na seli kwa kawaida pana upenyo mdogo ajabu, na ujumbe huvuka kwa kemikali. Niliposoma nilikuwa upande wa Golgi, sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu alishindwa mbele ya watu.

Kaka, uliniuliza jambo moja siku ile na nikakujibu. Uliniuliza, "Hukuweka mkono?" Nikasema niliweka. Shangazi akanitetea, akasema nami nilimhakikishia hivyohivyo.

Sikuweka.

Nilikuwa na vidole kumi, vyote na neva nzima. Ningechovya kimoja tu, uti wangu wa mgongo ungeurudisha mkono kabla sijafikiri. Nilikuwa na haraka ya nguo, mawingu yalikuwa yametanda. Nikaamini kwamba akinyamaza ni salama. Lakini ulivyosema hukusema kwa ajili ya ukweli, ulisema ili watu wasikie, na hilo bado sijaweza kulimeza. Yote mawili ni kweli. Sijui utayafanyia nini.

Turudi kwenye miguu yako. Huo moto wa usiku, ambao hauna moto, ndivyo neva inavyofanya inapoumia: ncha zilizojeruhiwa zinatuma ishara zenyewe bila mtu kuzigusa. Usijifariji kwamba mguu unaouma ni mguu mzima. Kuwaka na kufa ganzi vinaweza kukaa kwenye mguu mmoja, na siku moto ukinyamaza wenyewe huenda isiwe kupona. Nenda wakupime sukari. Waambie wakuguse nyayo kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10, wewe ukiwa umefumba macho, useme unapousikia. Watakuwekea pia uma wa sauti, kile chuma cha ncha mbili kinachotetema kikigongwa, kwenye mfupa wa kidole gumba, uone kama unahisi mtetemo. Havichukui muda na haviumi. Sukari ikishikwa mapema, uharibifu unaweza kupunguzwa mwendo. Neva zilizokwisha kufa, usitegemee sana kwamba zitarudi.

Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, tia mkono ndani. Tazama nyayo kila jioni, au umwombe wifi akutazamie. Na maji ya moto usitie miguu hata kama ni baridi kiasi gani, vaa soksi. Ukioga, pima kwa kiwiko, si kwa mguu.

Simu yangu ni ileile. Na wifi usimkemee. Alikataa kuniambia mara mbili, mimi ndiye niliyemng'ang'ania.

Mdogo wako.