Usiitie moto hiyo kalibu

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mama naye kapata nafuu, ni magoti tu yanayomsumbua. Ujumbe wako, kwamba tepu ya kukatia hesi imekatikia ndani ya kalibu ya vifuniko vya plastiki na mnataka kuilainisha kalibu kwa moto, nimeuona usiku, nikakupigia hupatikani, ndiyo maana naandika: tafadhali usiitie moto hiyo kalibu. Mwambie na Juma aiweke chini hiyo gesi.

Najua tepu ikikatikia kwenye chuma kilichokwisha kutiwa ugumu inavyotesa. Keekee haiingii, biti inateleza tu juu yake. Lakini ukiilainisha kalibu kwa moto ili utoboe, ugumu umeupoteza, na ukiirudisha tanuri inaweza kupinda. Nusu mbili zisipokutana sawasawa plastiki itavuja pembeni, na kila kifuniko kitatoka na ndevu. Mzee Kombo hatamuuliza Juma, atakuuliza wewe.

Ilete kwenye mashine yetu ya cheche. Cheche haijali chuma ni kigumu kiasi gani, ili mradi kinapitisha umeme. Tutaizamisha kalibu ndani ya mafuta yasiyopitisha umeme, tufunge fimbo ya shaba nyekundu iliyo nyembamba kuliko kiini cha tepu, tuishushe mpaka ibaki nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Haigusi kabisa, ikigusa ni shoti, na mashine yenyewe huirudisha juu. Mafuta yakishindwa kuuzuia umeme, cheche inaruka. Pale inapotua joto linapita nyuzi 8,000, chembe ya chuma inayeyuka, nyingine inakuwa mvuke, umeme unakatika, mafuta yanaondoa uchafu, kisha cheche nyingine. Maelfu kwa sekunde, zinachachatika kama samaki kikaangoni. Fimbo nayo huliwa kidogo kidogo, kwa hiyo huandaa zaidi ya moja. Kiini cha tepu kikiisha, vipande vya pembeni vinalegea, unavichomoa kwa koleo, na hesi za tundu unazikuta salama.

Kazi hii ni ya polepole, sikufichi. Lakini nikiitazama huwa nawafikiria wale mume na mke wa Moscow, Boris na Natalya Lazarenko. Walikuwa wanatafuta namna ya kuzuia cheche zisile viunganishi vya umeme vya madini ya tungsteni. Badala yake, mwaka 1943, wakaufanya ulaji huohuo kuwa njia ya kuchonga chuma. Napenda sana akili ya namna hiyo.

Na ule mpango wa Juma wa kujitengenezea mashine ya cheche kwa ndoo ya mafuta ya taa na mashine ya kuchomelea, mkataze leo hii. Mashine ya kuchomelea inatoa moto unaoendelea. Huku tunataka umeme unaowaka na kukatika, vipigo vifupi vifupi, la sivyo utaichomelea fimbo humohumo tunduni. Halafu cheche ikitokea karibu na uso wa mafuta, moto unashika. Sisi wenyewe hatuwashi mashine kabla mafuta hayajaifunika kazi vizuri, na hakuna anayevuta sigara mle ndani. Juma ana watoto, Hamisi.

Kwa kuwa kalibu inakuja, tumalizie na zile pembe za ndani za nembo. Mashine ya milingi haiwezi kuzifikia kwa sababu kisu chake ni cha mviringo, ila elektrodi ya grafiti, yaani kipande cha kurushia cheche kama ile fimbo, tunaichonga kwa umbo lenyewe na inaingia. Baadaye mtapiga msasa na jiwe, maana cheche huacha ngozi nyembamba ngumu inayopasuka upesi.

Sasa nijibu haraka. Tepu ni ya milimita ngapi, na imezama kiasi gani? Tundu linatokea upande wa pili au limeziba? Kuna mtu ameshaigonga kwa patasi? Kalibu mtaipakia kwenye basi, au Kombo anashuka na gari lake? Na Zuhura keshajifungua? Mbona hilo hukuniandikia?

Wako,
Rashidi