Bongo Friendee isihukumiwe kwa kutu bila kuangalia umri wake

Mhariri, salaam. Nimesoma barua za wasomaji walioko Uingereza wanaolalamikia Mazda Bongo Friendee, ile van ya Kijapani ya familia, eti ni mabati ya kutu, eti injini inakufa ghafla, na mmoja kasema ukinunua hiyo ya kwendea kempingi umeibiwa. Mimi ni fundi huku huku na hizi gari napambana nazo, naomba nafasi.

Kwanza jamani umri. Friendee zilitengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2005, yaani hata ile ya mwisho kabisa imeshatimiza miaka 20. Nyingi zilikuja huku mitumba kama zinavyokuja gari Mombasa na Dar, usukani kulia. Sasa huku baridi ikikaza barabara zinamwagiwa chumvi barafu isishike, tairi inairusha inaingia kwenye madigadi ya nyuma na kingo za chini ya milango, inakaa humo na tope lake miaka na miaka, na mwenyewe kaipaki tangu Septemba mpaka Pasaka hajaiosha hata chini. Hapo kiwanda kina kosa gani?

La injini sasa. Ile dizeli ya lita 2.5 yenye tabo maji yakiisha silinda hedi inapasuka, sibishi. Lakini maji yanaishaje? Mara nyingi ni hosipaipu imezeeka, au yale mabomba ya chuma yanayopita chini kupeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma yameliwa na kutu. Na usitegemee geji ya joto, sensa ikishabaki kwenye hewa haisomi tena joto la maji. Wanaozijua wanafunga alamu, maji yakishuka tu inalia, na bei yake haifiki hata robo ya hedi. Kwa hiyo bomba dogo limeachwa likaoza halafu watu wanasema injini mbovu, inaniuma sana hii.

Kutu nayo haifanani. Ya kwenye mlango ni sura tu. Ila ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka panapofungwa mkanda wa siti au springi, na bati limedhoofika, MOT, yaani ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka huku, wanakufelisha na ni haki kabisa, hayo ni maisha ya watu. Kabla hujatoa hela chukua namba ya gari uingie tovuti ya serikali, historia ya MOT iko bure, utaona mkaguzi aliandika nini kila mwaka. Halafu lala chini na tochi. Ukikuta lami nyeusi mpyaaa imepakwa kila mahali muulize muuzaji anaficha nini, akikukatalia kukwangua kidogo ondoka.

Na ambao gari zao ni nzima wala hawaandiki barua, wako zao ufukweni Cornwall. Naomba wanaolalamika waseme basi ni ya mwaka gani, inalala wapi, na hosipaipu walibadilisha lini mara ya mwisho, hapo mnunuzi atapata cha kumsaidia.

Fundi, Uingereza