Kombora limehesabiwa, siasa imesahauliwa

Mhariri, jambo sana. Nimesoma ile makala yenu yenye kusema manowari za kubeba ndege ni pesa ya bure kwa sababu kombora moja tu linaweza kuzizamisha. Mwandishi amehesabu silaha akasahau siasa, na siasa njo inafanya hizi meli zinunuliwe.

Juzi jioni tulikuwa hapa bandarini tunangojea bato ya Goma, vijana wanapandisha mifuko ya unga wa muhogo, mmoja akafungua picha ya ile manowari ya kubeba ndege Gerald Ford ya Marekani kwenye simu, mita zaidi ya 330, watu zaidi ya 4,000 ndani, bei karibu dola bilioni 13. Akauliza, sasa si wangejenga viwanja vya ndege hata kumi? Wangejenga, lakini kwenye udongo wa nani? Uwanja uko na mwenyewe, siku amekasirika anakufungia, na sisi watu wa Kivu nani atatufundisha maana ya uwanja kufungwa! Meli yako unaisogeza tu baharini, hauombi mtu.

Waingereza 1982 walipoenda kurudisha visiwa vya Falkland vilivyochukuliwa na Argentina, uwanja wao wa karibu ulikuwa kwenye kisiwa cha Ascension, kilometa zaidi ya 6,000, bila meli zao za kubeba ndege Hermes na Invincible ndege zao za kivita zingepaa wapi? Kweli Argentina nayo ilikuwa na yake ya kubeba ndege, na manowari ya chini ya maji ya Waingereza ilipozamisha Belgrano, meli nyingine ya vita ya Argentina, ile ya kubeba ndege ikarudi pwani ikatulia mpaka vita vikaisha. Hapo nampa mwandishi nusu.

1996 China ilipokuwa inaitishia Taiwan, rais Clinton wa Marekani alipeleka manowari mbili za kubeba ndege karibu na hapo, Marekani haikupiga hata risasi moja lakini ujumbe ulifika. China haikusahau. 1998 bato kuukuu ya kubeba ndege, Varyag, ikanunuliwa kutoka Ukraine, eti ya kufanya kazino kule Macau, 2012 ikaingia jeshini kwa jina la Liaoning. Kazino gani hiyo!

Wa kujionyesha nao wako. Thailand iko na manowari yake ya kubeba ndege, Chakri Naruebet, tangu 1997, ndege zake za kivita zilistaafu 2006, zikabaki helikopta. Inanikumbusha jirani yangu wa Kadutu, alinunua jipu, mafuta hana, kila siku ya Mungu anaiosha mbele ya nyumba watu waione. Tunamcheka, lakini kwenye kikao cha mtaa njo yeye anapewa kiti cha mbele.

Msomaji wenu, Bukavu